"Kwisha Muda": Istilahi Moja kwa Dhana Mbili

Katika maduka ya Magindu, wilayani Kibaha, kama kwingineko nchini, unga na maziwa huhukumiwa kwa neno moja: "imeekspaya", au kwa usanifu zaidi, "imekwisha muda". Istilahi hiyo, kwa maoni yetu, ina kasoro. Haitofautishi ubora uliopungua na hatari iliyoingia. Hivyo unga unaofaa hutupwa, na aliyezoea kupuuza tarehe ya unga huipuuza na ya maziwa.

Jimbo la California, Marekani, kwa sheria ya mwaka 2024, lilizitenga dhana hizo kwa maneno mawili. Sisi twapendekeza "bora kabla ya" kwa ubora, na "mwisho wa kutumia" kwa usalama. "Itumike kabla ya", wanayoipenda wafasiri wengi, haisemi ni ipi.