Kutega Saa ya Kahawa: Uhakiki wa Istilahi za Mashine ya Kuchujia Kahawa

Miongoni mwa vyombo vya umeme vilivyoingia katika nyumba za Dar es Salaam, mashine ya kuchujia kahawa ni chombo kidogo. Hakina uzito wa jokofu wala umaarufu wa pasi. Hata hivyo tumeona yafaa kuzihakiki istilahi zake, kwa sababu chombo hiki kinadai jambo ambalo pasi haidai: kinamtaka mtumiaji akiagize usiku kazi ya alfajiri. Agizo hilo hutolewa kwa kufuata maelezo, na maelezo ni lugha. Lugha ikikosea, kahawa haipatikani kwa wakati wake, na lawama humwangukia mtu ambaye hakuandika hata neno moja la maelezo hayo.

Tuitazame mashine hii ikiwa Kawe, katika Wilaya ya Kinondoni. Kawe si mahali pageni kwa mashine. Ndipo kilipokuwa kiwanda cha Tanganyika Packers, kilichosindika nyama ya makopo. Na ingawa kiwanda kilikwisha kufungwa, jina lake lingali likitumika kulitaja eneo lile. Leo Kawe ina nyumba zenye uzio na bustani, na papo hapo ina vyumba vya kupanga vya Ukwamani na Mzimuni. Aghalabu mwenye kuinunua mashine ya kahawa hukaa katika nyumba za namna ya kwanza, na mwenye kuiwasha hutoka katika vyumba vya namna ya pili. Mnunuzi husoma Kiingereza bila taabu. Mfanyakazi wa nyumbani anayeachiwa kazi ya kuitayarisha mashine usiku husoma Kiswahili. Kwa hiyo basi, hoja kwamba maelezo ya vyombo vya anasa hayana haja ya Kiswahili, kwa kuwa wanunuzi wake wanajua lugha nyingine, haina msingi. Yafaa tuulize ni nani anayetumia chombo, wala si nani anayekilipia.

Tuanze na jina. Katika matangazo ya maduka, na hasa katika tafsiri zinazotolewa na kompyuta bila mtu kuzipitia, tumekutana na jina "mtengenezaji wa kahawa". Kosa lake ni dhahiri. Kiambishi m- pamoja na kiishio -ji humtaja mtu atendaye kazi: mwandishi ataelewa kwamba linazungumzwa juu ya muuza kahawa wa mtaani, na atashangaa kuambiwa amchomeke mtu huyo kwenye umeme. "Kitengeneza kahawa" kina afadhali, kwa kuwa kimeingia katika ngeli ya vyombo. Lakini kutengeneza ni neno pana mno, na mtu hutengeneza hata baiskeli. Jina linalofaa halina budi kutaja kazi yenyewe.

Kazi hiyo ni ipi? Hapa ndipo watafsiri wengi wanapoteleza. Kiingereza kina kitenzi kimoja kinachotumika kwa kahawa, kwa chai na kwa ulevi. Mfasiri asiyeangalia, au kompyuta isiyoweza kuangalia, huchukua maana ya mwisho, na mara mashine ya kahawa huandikiwa "wakati wa pombe". Tafsiri kama hiyo huweza kuchekesha, lakini kwa mtu aliyefuturu au anayejiandaa kwa sala ya alfajiri si kichekesho. Yeye anatafuta finjani ya kahawa, naye anaonyeshwa neno la kileo.

Kiswahili kwa upande wake hakina upungufu wa vitenzi vya kahawa. Kina vingi, na kila kimoja kina mahali pake. Wahaya wa Kagera huzitafuna buni zilizokwisha kuchemshwa na kukaushwa. Kahawa ya unga itokayo kiwanda cha TANICA cha Bukoba hukorogwa katika maji ya moto. Muuza kahawa wa pwani, mwenye dele lake juu ya mkaa, huichemsha au huipika kahawa yake pamoja na tangawizi. Mashine tunayoizungumzia haitafuni, haikorogi wala haichemshi kahawa. Tangi lake hujazwa maji baridi. Maji hayo hushuka katika bomba dogo linalopashwa moto na umeme. Mapovu ya mvuke huyasukuma juu, nayo hudondoka tone kwa tone juu ya kahawa iliyosagwa, iliyomo ndani ya chujio. Kinachofika chini ni kahawa, na machicha hubaki juu. Hiyo ndiyo kazi ya kuchuja. Mjerumani Melitta Bentz wa Dresden aliposajili chujio lake la karatasi mwaka 1908, alitaka hasa kuyatenga machicha na kinywaji. Na mashine ya umeme ya Wigomat, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1954, ilifuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo jina "mashine ya kuchujia kahawa" lasema kweli, na kitenzi "kuchuja" hakina mpinzani.

Ama kuhusu sehemu za mashine, hatutakaa sana. "Filta" si neno baya midomoni mwa mafundi wa magari, lakini jikoni chujio limekuwapo tangu zamani, na hakuna sababu ya kuliondoa mahali pake. "Bwawa la maji" na "hifadhi ya maji" ni maneno makubwa kwa chombo kinachobeba vikombe kumi, tangi latosha. "Karafa", lililobuniwa kutaja chombo cha kioo kinachopokea kahawa, linakaribiana mno na karafuu, na katika jikoni la Mswahili karafuu na kahawa hukaa rafu moja. Jagi laeleweka na kila mtu. Tungependa kulipendekeza dele, kwa heshima ya muuza kahawa, lakini dele ni la madini na hukaa motoni. Kulihamishia kwenye kioo kungelipotosha.

Tufike sasa kwenye agizo la usiku. Istilahi tatu zinashindana: "kuprogramu", "kuratibisha" na "kufanya otomatiki". Zote tatu zina asili ya kuheshimika, lakini hakuna hata moja inayofaa hapa.

Neno programu lina nafasi yake halali katika Kiswahili. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu kwa Kiswahili ilikuwa jambo la kuonekana na kushikwa. Lakini katika mashine ya kahawa, programu ni maagizo yaliyoandikwa kiwandani na mhandisi, ambayo mtumiaji hayaoni wala hayabadilishi. Anachofanya mtumiaji ni kuchagua saa. Kumwambia kwamba "anaprogramu" ni kumtwisha kazi isiyo yake na kumtia hofu bure. Kuratibu nako kuna mahali pake: mradi una mratibu, na shughuli nyingi huratibiwa ili zisigongane. Kahawa moja ya asubuhi haina cha kuratibiwa nacho. Na "otomatiki", pamoja na mwenziwe "inajipika yenyewe", hudanganya. Kahawa haijipiki. Yuko mtu aliyetia maji, aliyepima kahawa, aliyeweka chujio na kusukuma jagi mpaka mahali pake. Neno linaloificha kazi ya mtu huyo limepungukiwa na ukweli, licha ya upungufu wake wa lugha.

Lipo neno ambalo halihitaji kubuniwa. Mtu hutega saa ili imwamshe. Mvuvi hutega wavu jioni akauendea asubuhi. Hata mabomu, kwa bahati mbaya, hutegwa ardhini. Katika kutega muna mambo matatu: mtu hutayarisha chombo, huondoka, na chombo hufanya kazi wakati yeye hayupo. Hayo matatu ndiyo yanayotendeka jikoni. Twapendekeza basi "kutega saa ya kuchuja", na kwa upande wa mashine, kitenzi "kujiwasha": mtu hutega, mashine hujiwasha. Kila mmoja amepewa kazi yake.

Lakini hata istilahi hizi zikikubaliwa zote, bado maelezo yaweza kumpoteza msomaji, na hapa tunafikia kiini cha uhakiki wetu. Saa ya mashine si saa ya Kiswahili. Sisi huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua, na huko Dar es Salaam, ambako jua huchomoza karibu na wakati ule ule mwaka mzima, hesabu hiyo ni ya akili kabisa. Mashine huhesabu tangu usiku wa manane. Tofauti ni saa sita. Mfasiri ambaye husanifu kila jina na kuziacha tarakimu kama zilivyo amefanya kazi nusu, tena nusu iliyo nyepesi.

Tuchukue mfano. Katika nyumba moja ya Kawe, mwenye nyumba huondoka mapema ili awahi barabara kabla ya msongamano, naye asema, "Nataka kahawa saa kumi na moja na nusu alfajiri." Mfanyakazi hutega 11:30, na kwa kuwa maelezo yamefasiri AM kuwa "asubuhi", huchagua AM kwa uaminifu kamili. Mashine itajiwasha saa tano na nusu asubuhi, mwenye nyumba akiwa kazini. Siku ya pili aambiwa kahawa iwe saa kumi na mbili asubuhi. Hutega 12:00 AM. Mashine hujiwasha saa sita usiku, huchuja kahawa kwa watu waliolala, na kwa kuwa nyingi za mashine hizi hujizima baada ya saa mbili hivi, kulipokucha jagi lina kahawa baridi na chungu. Siku ya kwanza imechelewa saa sita. Siku ya pili imewahi saa sita. Mtu yule yule, aliyefuata maelezo yale yale, ataonekana mzembe mara mbili. Kazi ya mtu yaweza kupotea kwa sababu ya jambo kama hilo, na hakuna atakayemlaumu mfasiri.

Kosa hapa si moja bali mawili. La kwanza ni tarakimu. La pili ni AM kuitwa "asubuhi" na PM kuitwa "jioni". AM huanza saa sita usiku na kuishia saa sita mchana; ndani yake mna usiku wa manane, alfajiri na asubuhi. PM hubeba mchana, alasiri, jioni na sehemu ya usiku. Kiswahili kimeugawanya mchana na usiku kwa ufundi zaidi kuliko herufi hizo mbili, na si haki kuupunguza ufundi huo ili uingie katika kisanduku cha mashine. Herufi zenyewe ziachwe kama zilivyo, maana ndizo zinazoonekana usoni pa mashine, na zielezwe: AM ni kabla ya adhuhuri, PM ni baada ya adhuhuri.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kuiacha saa ya Kiswahili na kuwafundisha watu kusoma kama mashine. Hatukubaliani nao. Barua za mikutano, ratiba za shule na ahadi za watu huandikwa kwa saa zetu nchini humu. Chombo cha kuchujia kahawa hakina mamlaka ya kuibadilisha hesabu ya siku ya taifa. Ni wajibu wa karatasi ya maelezo kujenga daraja, na daraja lenyewe ni fupi: saa ya Kiswahili ikizidi sita, punguza sita, ikiwa sita au chini yake, ongeza sita. Baada ya kanuni hiyo mifano itolewe kwa jozi, saa isemwayo na tarakimu zinazotegwa:

Saa 11:30 alfajiri: tega 5:30 AM.
Saa 12:00 asubuhi: tega 6:00 AM.
Saa 1:15 asubuhi: tega 7:15 AM.
Saa 10:00 alasiri: tega 4:00 PM.

Isitoshe, maelezo yaseme wazi kwamba katika mashine nyingi umeme ukikatika usiku saa hupotea, tarakimu 12:00 huanza kumetameta, na mashine haitajiwasha mpaka itegwe upya. Sentensi hiyo moja yaweza kumwokoa mtu na lawama nyingi kuliko istilahi kumi.

Kwa muhtasari, twayaleta mbele ya wasomaji mapendekezo haya:

Mashine ya kuchujia kahawa: chombo cha umeme kinachopitisha maji ya moto katika kahawa iliyosagwa.
Kuchuja: kazi ya chombo hicho.
Chujio, tangi, jagi: sehemu zake.
Machicha: kahawa inayobaki katika chujio.
Kutega saa: kuchagua wakati ambao mashine itaanza kazi.
Kujiwasha, kujizima: kuanza na kukoma kwa mashine kwa saa iliyotegwa.

Limebaki bamba la chuma linalolipasha jagi moto. "Sahani ya moto" yamfanya msomaji afikirie chakula, na "bamba la moto" bado halijatupendeza. Mafundi wanaozifungua mashine hizi huko Kawe na kwingineko bila shaka wana jina wanalolitumia kila siku. Tutashukuru kuletewa jina hilo, pamoja na sentensi ambamo limesikika. Nao wafasiri wa karatasi za vyombo tunawaomba jambo moja kabla ya kupeleka kazi kwa mpiga chapa: wampe mtu asiyejua Kiingereza karatasi yao wakati wa jioni, aitege mashine peke yake, kisha wangoje mpaka alfajiri waone kama kahawa imechujwa.