Anayekaa Upande wa Kichwa

Mama anayeandaliwa kwa upasuaji wa uzazi pale hospitali ya Magunga, Korogwe, huketishwa ukingoni mwa meza, akakumbatia mto na kuukunja mgongo. Mtaalamu wa usingizi hupapasa mifupa ya nyonga, kulia na kushoto, akaukisia mstari unaopita karibu na pingili ya nne ya kiuno. Sindano nyembamba hupenya polepole mpaka mkono uhisi utando umeachia. Tone la maji maangavu likichungulia, dawa inaingia, mililita mbili hivi. Wengi hudhani kazi imekwisha.

Mimi naona ndiyo kwanza inaanza. Ganzi ikipanda, mishipa hulegea na presha hushuka. Mama hulazwa na kuinamishwa kidogo kushoto ili mimba isiukandamize mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Efedrini, dawa ya kupandisha presha, imeshavutwa kwenye bomba. Akisema anasikia kichefuchefu, mtaalamu hakimbilii beseni. Anatazama presha, maana tumbo mara nyingi hutoa taarifa kabla ya mashine. Masikio nayo yako kazini. Kile kibanio cha kidoleni, tunda la kazi ya Takuo Aoyagi wa Japani mwaka 1974, hulia kwa kila pigo la moyo, na oksijeni ikipungua mlio hushuka. Ndiyo maana anaweza kuipa mashine mgongo akijaza chati, kisha akageuka ghafla, wenzake wasijue kasikia nini.

Kazi hii wilayani hufanywa zaidi na wauguzi na matabibu waliosomea usingizi, wengine katika hospitali ya KCMC kule Moshi, kuliko madaktari bingwa. Na si kila mgonjwa ni wa sindano ya mgongo. Mama anayevuja damu nyingi, ganzi hiyo yaweza kumwangusha kabisa; kwake dawa ya usingizi ya ketamini ni salama zaidi, kwa kuwa haiangushi presha kwa wepesi. Majeruhi wa ajali ya Segera, kwenye njia panda iliyoko Handeni, huenda alikuwa ametoka kula chakula cha safarini. Kumpiga nusu kaputi bila kumpitishia mpira kooni ni kuyaachia mapafu yake matapishi. Uamuzi wa nani apewe usingizi gani nauheshimu kuliko kisu.

Kazi hii haiishii chumba cha upasuaji. Mwaka 1952, polio ilipowanyima watu pumzi huko Copenhagen, Bjørn Ibsen, daktari wa usingizi, aliagiza watobolewe koo na kuwekewa mpira. Wanafunzi wa udaktari wakapokezana kubana mfuko wa hewa, usiku na mchana. Vyumba vya wagonjwa mahututi vilichipuka hapo. Mfuko huo bado unabanwa kwa mkono, hasa ndani ya gari la wagonjwa liendalo hospitali ya Bombo, Tanga. Kabla ya kuondoka, mtaalamu husoma geji ya mtungi na kupiga hesabu: lita ngapi kwa dakika mpaka Tanga, pamoja na ziada, endapo lori litakuwa limeziba barabara Muheza.