Kazi ya manifoldi: mkague fundi kabla ya kumlipa

Lori linalolala Baraka likisubiri kupanda Fizi hukaguliwa alfajiri, injini ikiwa bado baridi. Washa, fungua boneti, tega sikio upande wa egizosi. Mlio wa tik-tik unaokwenda na mzunguko wa injini, kisha ukafifia chuma kikipata moto na kutanuka, mara nyingi ni moshi unaopenya kwenye gasketi ya manifoldi. Wengi hudhani ni valvu, zikarekebishwa bure. Tafuta masizi: mstari mkavu, mweusi, ulioanzia pale manifoldi inapokutana na hedi.

Kwenye injini ya tabo, moshi ukivujia hapo unakuwa haujaisukuma tabo. Hewa inapungua, lori linatoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Ukitoka ufukwe wa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ukaanza kupanda na mzigo, ubovu huo haufichiki. Moshi ukiingia kwenye kabini, usiendeshe.

Wateja huuliza kwanza gasketi ilikotoka, Uvira au ng'ambo Kigoma. Mimi hutazama uso wa manifoldi kabla haijarudishwa. Fundi mzuri huukwangua mpaka chuma kionekane, akalaza rula ya chuma juu yake na kupitisha filagauji chini ya rula, kwa sababu chuma cha kusubu kilichopashwa na kupoa miaka nenda rudi hupinda. Iliyopinda isawazishwe kwa mashine. Ukikuta gasketi mbili zimebebanishwa, jua fundi aliuona upindo akaupita. Na silikoni nyekundu? Moshi wa dizeli inayopanda mlima na mzigo hupita nyuzi 500 za Selsiasi. Silikoni haifiki huko.

Halafu studi, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu. Zinazokatika sana ni za pembeni, maana manifoldi hurefuka ikipata moto na ncha zake ndizo zinazosogea zaidi. Ndiyo maana matundu ya mwisho huachwa mapana kuliko studi. Fundi mwenye pupa huona tundu limelegea, akatia bolti nene ijae: chuma kikikosa pa kusogea, kama si bolti itakayokatika, basi manifoldi itapasuka. Injini nyingine zina bushi ndefu chini ya kichwa cha bolti, ili bolti iwe ndefu na ivutike kidogo bila kulegea. Ukiona washa zimepangwa mahali pa bushi, uliza bushi ziko wapi.

Studi ikikatikia ndani, aliyechomelea nati juu ya kisiki na kukizungusha taratibu mlipe bila kuvutana bei. Aliyeitoa kwa kuitoboa mkague: tundu lililokwenda kombo huwa limeshaila hedi.

Manifoldi iliyopasuka inachomeleka, ila si kwa elektrodi za mageti. Ulizia elektrodi ya nikeli. Ipashwe moto kabla, kisha ifukiwe kwenye majivu au mchanga mkavu ipoe polepole; ikimwagiwa maji itapasuka tena, kando ya mshono.

Kukaza ni kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu, wala si bolti moja hadi mwisho. Baada ya hapo mpe fundi nusu ya hela. Pandisha mzigo Fizi, lala huko, uwashe alfajiri boneti ikiwa wazi. Nusu iliyobaki atalipwa ukishuka.