Mahali pa Kuku Katikati ya Sufuria

Mama mkubwa hafunui sufuria. Hukaa kwenye kigoda, mgongo kaegemeza ubao wa jikoni, uso kaugeuzia Nyiragongo hata siku ambazo ukungu umeufunika mlima wote, na husikiliza. Mtoto akiusogelea mfuniko humzuia kwa jicho tu. Ndani mna kuku wa kienyeji na viazi, na yeye hujua kwa sikio mapishi yamefika wapi.

Hapa Kanyaruchinya, kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Rutshuru, naamini ufundi huu ulifunzwa na uhaba wa maji. Ardhi yetu ni mawe ya volkano. Mvua hunyesha na mawe huimeza, wala hakuna kijito cha kuinamia. Tumelelewa na maji ya mabati na madumu ya njano yanayobebwa kutoka mbali. Ndiyo maana mwanamke wa hapa akimweka kuku motoni halikimbilii dumu. "Kuku iko na mayi yake," mama mkubwa huniambia. "Mwachie ayatoe, mwanangu."

Basi vipande huvichanganya na chumvi na kitunguu, hufunika, hupunguza moto. Kwa muda husikii kitu. Kisha nyama huanza kutoa maji yake, yakachemka kwa sauti nzito, kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Yanapopungua sauti hupanda na kuwa nyembamba, hadi mafuta ya kuku mwenyewe yaanze kumkaanga. Hapo ndipo anaponyanyuka. Hutia nyanya, kisha viazi, ambavyo wengi wetu huviita birayi: vidogo vizima, vikubwa vimepasuliwa mara moja. Havimwagi. Huvipanga kimoja kimoja kuzunguka ukuta wa sufuria, nyama ikabaki katikati. Kikombe cha maji ya mvua kifike nusu ya viazi, kisivizamishe. Juu huweka jani la mgomba lililopitishwa kwenye moto likalegea, kisha mfuniko, kisha makaa machache juu ya mfuniko. Kiazi hapo huivia nusu kwenye mchuzi na nusu kwenye mvuke, upande mmoja ukawa na rangi ya dhahabu, mwingine mweupe na unga wake. Sijawahi kula kitu kizuri kuliko upande ule wa chini, uliogusa sufuria.

Wageni husema viazi huku vinakataa kuiva. Goma yenyewe iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, nasi tuko juu yake. Maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, karibu na 95, kwa hiyo kila chungu kinadai muda zaidi. Mama mkubwa hajawahi kushika kipimajoto. Anachojua ni kwamba kuku jike aliyetaga miaka miwili lazima atangulie viazi kwa kitambo kirefu, la sivyo viazi vitageuka uji na nyama bado inagoma. Umri wa kuku huutazama miguuni kabla hajachinjwa, na kwa umri huo huamua kuni ngapi ziingizwe nyumbani.

Zipo njia nyingine, na zote ni zetu. Viazi vya kuchemshwa na maganda, vikaliwa kwa chumvi na pilipili asubuhi ya kwenda shambani. Viazi vilivyochanganywa na maharage. Viazi vya kufukiwa kwenye majivu, chakula cha wachungaji. Kuku wa mawese, kuku wa kuchomwa juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Lakini siku ya mgeni, siku ya mtoto kufaulu mtihani, ilikuwa ni ile sufuria iliyofunikwa jani.

Kiazi chenyewe ni mgeni: kimetoka milima ya Andes, huku kwetu kikaja na wazungu wa zama za ukoloni. Kilipofika Kibumba na Masisi, kwenye baridi na udongo mweusi, kilikaa kama mzaliwa. Nilipokuwa mdogo magunia yake yalishuka kutoka Kibumba juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, mbao zikilia njia nzima, na mama mkubwa alisimama barabarani akachagua kwa kugonga kiazi na ukucha.

Sasa jirani zangu hununua kuku wa barafu waliotoka ng'ambo, miguu bila mwili, hukata viazi vijiti, humimina mafuta, na ladha huitafuta kwenye vipande vya Maggi. Dakika 20, chakula mezani. Siwalaumu wenye kazi na watoto wanaolia njaa. Lakini nawaona wasichana wetu wakifunua sufuria kila dakika, wakiongeza maji, wakikoroga, na inaniuma, kwa maana hakuna aliyewakalisha kwenye kigoda wakasikiliza.

Na nani angewakalisha? Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 lava ya Nyiragongo ilishuka, ikaikata barabara, ikaenda kusimama Buhene, na sisi tukakimbia na sufuria kichwani. Mafiga matatu ya mama mkubwa ni mawe ya mlima huohuo. Mwaka 2022, vita viliposhika Rutshuru, watu walijaa Kanyaruchinya kama walivyojaa mwaka 2012, chini ya maturubai, juu ya mawe makali. Familia tatu zililala kwenye ua wetu. Kuku wa mama mkubwa walichinjwa mmoja mmoja kwa ajili ya watoto wao, wa mwisho akiwa jogoo mwekundu, na hakuna siku niliyomsikia akiwahesabu.

Mwanzoni mwa 2025 kambi za hao waliokimbia vita ziliondolewa, watu wakatawanyika. Nilipokwenda kumwona, mafiga yalikuwa palepale na sufuria ilikuwa motoni, jani juu yake. Nikaketi. Hakusema kitu, alisikiliza, na muda wake ulipotimia akafunua. Viazi vilikuwa vimepangwa kimoja kimoja kuzunguka ukuta, vizuri kama zamani. Katikati alikuwa ameacha nafasi.