Nani aligonjwa, na ilikuwa mwezi gani? Tusome tena kitabu cha mwisho cha Livingstone

Bandugu wa chama, kuko kitabu kimoja chenye sisi watu wa Pweto tungepaswa kukisoma, hata kama ni cha zamani na kiko kwa Kiingereza. Ni madaftari ya mwisho ya David Livingstone, yenye Horace Waller aliyapanga na kuyachapisha London mwaka 1874, volumu mbili. Ndani kuko ziwa letu Mweru, lenye alilifikia Novemba 1867. Kuko milima ya Marungu. Na kuko ugonjwa, unarudia-rudia. Wengi wanakisomaka kama hadithi ya shujaa mwenye alishindwa na hali mbaya ya hewa ya Afrika. Mimi nimesoma kilimo, na macho yangu yanaenda kwanza kwenye tarehe.

Angalia. Desemba 1866 mbuzi zake nne zinapotea, na zile njo zilikuwa zinamupa maziwa. Tarehe 20 Januari 1867 wapagazi wawili wanatoroka na sanduku la dawa. Kinini yote inaenda. (Hata leo wengi kwetu wanaita kidonge chochote kinini.) Kiisha, karibu na Tanganyika, mwezi wa 4, homa inamuangusha mpaka anapoteza fahamu. Januari 1869 ananyeshewa akivuka mto Lofuko, upande wa Marungu. Mapafu yanashikwa, hawezi tena kutembea. Januari 1873 anaingia kwenye mabwawa ya Bangweulu, leo ni Zambia, na karibu tarehe 1 Mei anakufa kwa chifu Chitambo. Safari tatu, na kila mara hesabu inaanzia Januari, katikati ya mvua.

Kwetu kila mulimaji anajua hiyo miezi. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha, mapya hayajakomaa, bei ya unga inapanda, mito inajaa, mbu wanazaliana. Mtu mwenye anatembea wakati ule na watu wengi wa kulisha anakuta vijiji vyenye haviko na kitu cha kuuza. Livingstone mwenyewe aliandika hayo: njaa, watu wanaishi kwa uyoga na majani, siku nzima ya kutafuta chakula. Lakini Waller anatupeleka polepole mpaka kwenye kile kitanda cha Chitambo, wapi daktari alikutwa amekufa amepiga magoti. Ile picha njo watu wanaikumbuka. Njaa ya Januari ilibaki bila picha, na bila njaa hatuelewi juu ya nini mwili ulikuwa umechoka namna ile.

Lawama yangu ya pili iko kwenye jalada. Kichwa cha kitabu kinasema kama habari za mwisho zilipatikana kwa watumishi wake waaminifu, Chuma na Susi. «Waaminifu» ni sifa nzuri, lakini inafunika kazi. Wao na wenzao walizika moyo chini ya mti, wakakausha mwili kwa jua siku 14, wakaufunga ndani ya ganda la mti, wakatembea nao miezi kama tisa mpaka Bagamoyo, Februari 1874. Siku za kwanza tu za safari, karibu nusu yao waligonjwa. Susi mwenyewe alikuwa na maumivu makali, wanawake wawili walikufa, wakakaa karibu mwezi mmoja mbele ya kuendelea. Kitabu kinapita hapo kwa mistari michache. Kifo cha mmoja kilipewa kurasa na kurasa.

Nisikionee kitabu. Livingstone alikuwa na lisansi yake, ya udaktari, ya Glasgow, 1840, na anaandika ugonjwa wake bila haya. Anaandika pia kama mwaka 1869 Mohamad Bogharib, mfanyabiashara wa watumwa, alimubebesha kwa kitanda mpaka Tanganyika na kumupa dawa. Biashara ile aliichukia, lakini hakuficha nani alimuokoa. Ukweli wa namna ile ni adimu, hata katika ripoti zetu.

Na ni juu ya zile ripoti ninaandika. Wengi wetu tunapandaka Marungu ao Kundelungu kwa kazi: kupima udongo, kugawa mbegu, kuandikisha walimaji. Ratiba inatoka ofisi ya mbali, na mara nyingi inaangukia miezi ya mvua, juu mazao iko shambani. Pweto iko mita 900 na kitu. Marungu inapita mita 2,000. Kule juu ni nyasi, upepo na baridi ya usiku. Palu inachukuaka zaidi ya wiki moja mbele ya kujionyesha: unaumwa na mbu huku ziwani, unaanguka kule juu, mbali na dispanseri.

Kiisha ripoti inasema: «agronome aligonjwa, kazi ilisimama siku tano.» Mwenye moto aliyemupandisha, kijana mwenye kubeba vyombo, mama mwenye kupika bukari, hao hawana hata mstari. Nimesoma ripoti nyingi za namna hii, na zimeandikwa vizuri. Lakini pesa ya dawa inafuataka majina yenye yako kwenye karatasi. Mwenye jina lake halimo, homa yake analipa yeye mwenyewe, kwa ile pesa ya kibarua yenye alikuja kutafuta.

Kwa hiyo, mwenzangu, mbele ya kusaini ratiba ya kupanda, uliza mambo matatu. Tunaenda mwezi gani? Kule chakula kitatoka wapi, na kwa bei gani? Na kwenye bajeti ya dawa, majina ya wote yamo, hata ya mama mpishi? Kama jibu la tatu ni hapana, peni ibaki mezani.