Kabla ya Klipu Kubanwa

Mawe ya nyongo ya mgonjwa wa selimundu huwa meusi na madogo, kama mbegu za papai. Yanatokana na damu yake mwenyewe. Chembe nyekundu ya mtu mwenye afya huishi siku 120 hivi; ya mwenye selimundu huvunjika ndani ya siku 10 hadi 20, na mabaki yake yanapopitia kwenye ini huwa mengi kuliko nyongo inavyoweza kuyayeyusha. Basi hugandana ndani ya mfuko wa nyongo.

Naanza na mawe haya kwa sababu ya mwambao wa Ziwa Mweru nchini Zambia, kutoka Nchelenge kwenda Mununga, ambako malaria huambukiza mwaka mzima. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa kurithi kinasaba kimoja cha selimundu humkinga mtoto na malaria kali. Kurithi viwili ndio ugonjwa. Kwa hiyo penye malaria ya kudumu usishangae kumkuta kijana wa miaka 15 mwenye macho ya manjano na maumivu chini ya mbavu za kulia, kwa mawe ambayo kwingine ni ya watu wa makamo.

Tiba ya mawe haya ni kuutoa mfuko wa nyongo, na aliyeutoa kwa mara ya kwanza ni Carl Langenbuch, Berlin, Julai 1882, kwa kupasua tumbo. Septemba 1985 Erich Mühe wa Böblingen, Ujerumani, aliutoa kwa matundu madogo, na baada ya Philippe Mouret kufanya hivyo Lyon mwaka 1987 njia hiyo ilienea haraka mno. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksidi, kamera hupitishwa kitovuni, na daktari hufanya kazi akitazama skrini. Maumivu ni machache, na wengi hurudi nyumbani upesi.

Lakini wagonjwa waliokatwa kimakosa mrija mkuu wa nyongo wakaongezeka. Lawrence Way na wenzake wa San Francisco walichambua ajali 252 za aina hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2003: katika 97% ya ajali hizo, chanzo kikuu kilikuwa jicho kudanganyika. Mfuko ukivutwa, mrija wake mwembamba hulala sambamba na mrija mkuu. Penye uvimbe wa siku nyingi hushikana kabisa. Mkono wa daktari haukuteleza. Alikata kile alichokusudia kukikata, ila hakikuwa kile alichodhani, na mara nyingi alifunga tumbo akiamini kazi imekwenda vizuri. Hili ndilo linalonitia hofu kuliko yote.

Steven Strasberg, mpasuaji na mtafiti wa St. Louis, Marekani, alikuwa ameshatoa dawa ya kosa hili mwaka 1995, akiandika na wenzake Hertl na Soper. Aliweka masharti ya kuona. Kwanza, pembetatu iliyo kati ya mfuko, mrija mkuu na ini isafishwe mafuta na nyuzi zote. Pili, sehemu ya chini ya mfuko, kama theluthi yake, ibanduliwe kutoka kwenye ini. Tatu, vionekane vitu viwili tu vinavyoingia mfukoni: mrija mmoja na mshipa mmoja wa damu. Kabla ya hapo, hakuna klipu ya kubania mrija wala mkasi.

Sharti la pili ndilo zito. Mrija mkuu hauishii kwenye mfuko. Hupanda hadi kwenye ini. Sehemu ya chini ikishabanduliwa, nyuma yake huonekana ini tupu, na chochote kinachoendelea kupanda hujifichua. Mama anayepara samaki Kashikishi, mwambaoni humo, anajua nyongo ikipasuka kitoweo kimeharibika, kwa hiyo hufungua taratibu mpaka aione yote ndipo akate. Ni akili ileile.

Mgonjwa wa selimundu ana mambo mengine: asipoe, asikaukiwe maji, aangaliwe damu. Utafiti wa TAPS wa mwaka 2013 ulionyesha matatizo yenye uzito wa kitabibu kwa 39% ya waliopasuliwa bila kuongezewa damu kwanza, na 15% kwa walioongezewa.

Masharti ya Strasberg hayahitaji mashine mpya, na ndiyo maana nayaona yanaufaa mwambao huu. Mrija mkuu ukikatwa, kuurekebisha ni kuushona na utumbo, kazi ya bingwa. Na kwa mtu wa Mununga barabara ya Lusaka hupita Mansa, Samfya na Serenje. Kwa hiyo pembetatu isiposafishika, daktari aache. Anaweza kufungua tumbo kwa njia ya zamani, au kuondoa sehemu ya mfuko, kutoa mawe na kuacha mrija wa kutolea majimaji. Na inaposafishika, ashushe vyombo kidogo, amwite aliyepo, hata kama ni nesi peke yake, atazame skrini na kuhesabu kwa sauti: kimoja, viwili. Akiona cha tatu, klipu irudi mezani.