Ufundi wa Kuchagua Monita ya Gemu

Monita ndiyo sehemu ya kompyuta ya gemu inayokutana uso kwa uso na jicho la mchezaji. Prosesa, memori na kadi ya michoro hufanya kazi zao ndani ya kasha, na yote zinayoyazalisha sharti yapite kwenye kioo kimoja kabla ya kumfikia binadamu. Kioo kikiwa kizito kubadilisha picha, kadi ya bei ghali haina la kufanya. Ndiyo maana mjuzi wa kazi hii haanzi na jina la kampuni wala na namba kubwa iliyobandikwa kwenye boksi. Huanza kwa kuuliza gemu gani zitachezwa, kadi iliyopo ina nguvu kiasi gani, na mchezaji atakaa umbali gani kutoka kwenye kioo. Kuyaoanisha majibu hayo na kioo kimoja, kwa fedha iliyopo mfukoni, ni ufundi halisi wenye kanuni zake na adabu yake.

Kanuni ya kwanza ni ya mwendo. Monita ya kawaida ya ofisi hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, yaani hezi 60, na kila picha hukaa kiooni milisekunde 16.7. Kwenye hezi 144 picha hukaa milisekunde 6.9, kwenye hezi 240 hukaa 4.2, na kwenye hezi 360 hukaa 2.8. Ukizisoma namba hizi kwa upande wa muda, utaona jambo ambalo boksi halisemi. Kutoka 60 kwenda 144 mchezaji anapunguza karibu milisekunde 10 kwa kila picha. Kutoka 144 kwenda 240 anapunguza chini ya 3, na kutoka 240 kwenda 360 anapata milisekunde 1.4 tu. Hatua ya kwanza ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayomfaa karibu kila mtu. Hizo nyingine zina faida ya kweli kwa anayeshindana, lakini bei yake hupanda haraka kuliko manufaa yake.

Inafaa kukaa kidogo na sababu yenyewe, kwa kuwa hapa ndipo uzuri wa jambo hili ulipo. Picha iliyo kali ikitulia huingia ukungu ikianza kutembea, na watu wengi hudhani kosa ni la kioo peke yake. Vioo vya LCD na OLED hushikilia kila picha bila kuisogeza mpaka nyingine ifike. Jicho halifanyi hivyo. Likimfuata adui anayekimbia, huteleza kwa mwendo laini usiokatika. Chukua kitu kinachovuka kioo kwa pikseli 960 kwa sekunde. Kwenye hezi 60 kitu hicho huruka pikseli 16 kwa kila picha, na katika muda huohuo ambapo picha imesimama, jicho limeshasonga pikseli 16 mbele. Matokeo yake umbo linapakwa juu ya retina kwa upana wa pikseli 16. Kwenye hezi 120 upana huo ni 8, kwenye hezi 240 ni 4. Ukungu huo basi unazaliwa ndani ya jicho lenyewe, na hata pikseli zingebadilika papo hapo bado ungekuwepo.

Vioo vizito vya zamani vya bomba havikuwa na tatizo hili kwa kiwango hicho. Mshale wa elektroni uliwasha kila doa kwa muda mfupi sana, likafifia, na jicho likapokea mmweko badala ya picha iliyosimama. Wachezaji wa Counter-Strike waliong'ang'ania vioo hivyo miaka kadhaa baada ya ofisi kuvitupa walikuwa na sababu nzuri. Baadhi ya monita za leo huiga tabia hiyo kwa kuwasha na kuzima taa ya nyuma kati ya picha na picha. Mwendo hutakasika, ila mwanga hupungua, na wapo ambao macho yao huchoka kwa mmweko huo.

Kuujaribu mwendo dukani hakuhitaji kifaa chochote. Fungua ukurasa wenye maandishi, shika dirisha lake kwa kipanya, lisogeze kulia na kushoto polepole huku ukijitahidi kusoma neno moja katikati ya mstari. Kwenye hezi 60 herufi huyeyuka mara tu dirisha linapoanza kwenda. Kwenye hezi 144 neno huendelea kusomeka kwa kasi ambayo mwanzo lilikuwa limeshapotea. Aliyeliona hilo kwa macho yake mara moja hatahitaji kushawishiwa na muuzaji.

Kuna namba nyingine inayoandikwa kwa herufi kubwa, "milisekunde 1", nayo inahusu muda wa pikseli kutoka rangi moja kwenda nyingine. Kwa desturi ya viwanda, kipimo huchukuliwa kati ya asilimia 10 na 90 ya mabadiliko, na mara nyingi kinachotangazwa ni kile kilichotoka vizuri kuliko vyote. Ili kukifikia, monita huzipa pikseli msukumo wa ziada wa umeme. Msukumo ukizidi, pikseli hupitiliza rangi iliyokusudiwa kabla ya kurudi, na nyuma ya kitu chenye giza hutokea mkia mweupe unaokera kuliko ukungu wenyewe. Fundi mzuri hutafuta jinsi pikseli zinavyobadilika kwa wastani, hasa kwenye rangi za giza, na haiamini ile namba moja.

Hilo linatufikisha kwenye aina za vioo. Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, akiwa Prague, aliona kwamba dutu aliyoitoa kwenye karoti ilikuwa na viwango viwili vya kuyeyuka: kwa nyuzi 145.5 za Selsiasi iligeuka kimiminika chenye ukungu, na kwa 178.5 ikawa angavu. Huo ndio mwanzo wa elimu ya fuwele za kimiminika, zile zinazofanya kazi ndani ya vioo vya LCD. Mwaka 1970 Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, kwenye maabara za Hoffmann-La Roche huko Basel, walipata njia ya kuzisokota fuwele hizo ili zipitishe au zizuie mwanga kwa umeme mdogo. Kioo cha TN kinatokana na kazi hiyo. Ni chepesi na cha bei nafuu, ila ukikitazama kutoka chini au pembeni rangi hugeuka. IPS, iliyoendelezwa na Hitachi katika miaka ya 1990, ilitibu ugonjwa huo kwa kuzigeuza fuwele zikiwa zimelala sambamba na kioo. Rangi zake hutulia kila upande, na vioo vyake vya karibuni vina kasi ya kutosha kwa mashindano. Udhaifu wake ni weusi. Sehemu nyeupe kwa kawaida hung'aa mara 1,000 hivi kuliko sehemu nyeusi, na katika chumba chenye giza pembe za kioo huonekana kama zimepakwa majivu.

Aina ya tatu ya LCD, VA, hufikia mara 3,000 na zaidi, kwa hiyo usiku wake ni usiku kweli. Lakini pikseli zake hujikokota zikitoka kwenye nyeusi kwenda kijivu cheusi. Mhusika akipita pangoni, ukuta nyuma yake huacha michirizi kama ya wino. Kwa anayecheza gemu za hadithi akiwa peke yake usiku, hiyo ni bei ndogo ya kulipia weusi mzuri. Kwa anayewinda adui kwenye vivuli ni hasara tupu.

OLED ni jambo jingine kabisa. Ching Tang na Steven Van Slyke wa Eastman Kodak walichapisha mwaka 1987 kazi iliyoweka msingi wake: tabaka nyembamba za dutu ogania zinazotoa mwanga zenyewe. Pikseli nyeusi kwenye OLED ni pikseli iliyozimwa, na mabadiliko ya rangi huchukua sehemu ndogo tu ya milisekunde. Alienware walipotoa mwaka 2022 monita ya inchi 34 ya aina hii yenye hezi 175, wachezaji wengi ndipo walipoona kwamba kasi na weusi vinaweza kukaa pamoja. Hatari yake ni alama za kudumu. Ramani ndogo ya pembeni, mstari wa uhai wa mhusika, au upau wa chini wa Windows vikikaa palepale saa nyingi kila siku kwa miezi, vivuli vyake huweza kubaki. Mtu anayetumia kompyuta hiyohiyo kuandika ripoti mchana kutwa ana sababu ya kufikiri mara mbili, na IPS nzuri itamtumikia kwa amani zaidi.

Ukubwa na idadi ya pikseli havitenganishwi na kadi. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina pikseli zaidi kidogo ya milioni 2. Cha 2560 kwa 1440 kina karibu milioni 3.7. Cha 3840 kwa 2160, kinachoitwa 4K, kina karibu milioni 8.3, yaani mara nne kamili ya kile cha kwanza, na kadi hulazimika kuzichora zote upya kwa kila picha. Anayenunua 4K ya hezi 144 akiwa na kadi ya kati amenunua mwendo asioweza kuulisha. Msongamano nao hupimwa. Inchi 24 zenye 1080 hutoa pikseli 92 kwa inchi, na hizo zatosha. Pikseli zilezile zikitandazwa kwenye inchi 27 hushuka hadi 82, na kwa umbali wa mkono mmoja kingo za herufi huanza kuonyesha ngazi. Inchi 27 zenye 1440 hufikia 109, na kwa watu wengi huo ndio uwiano mzuri kupita yote: picha safi, na kadi ya kati bado inapumua. Washindani wa gemu za kulenga hupendelea inchi 24 au 25 kwa sababu kioo chote huingia machoni bila kugeuza shingo. Anayeruka na ndege za Microsoft Flight Simulator anataka kinyume chake, kioo kipana kinachomzunguka.

Kisha kuna ndoa ya kioo na kadi. Kadi haitoi picha kwa mpigo mmoja. Hutoa 110 sekunde hii na 70 sekunde ijayo. Picha mpya ikifika kioo kikiwa katikati ya kuchora ya zamani, nusu ya juu na nusu ya chini hazikutani, mfano wa vipande viwili vya kanga vilivyoungwa bila kulinganisha mapambo. Dawa ya zamani ilikuwa kuisubirisha kadi, nayo ilileta uchelewaji: kwenye hezi 60, picha iliyokosa milisekunde 16.7 hungoja mpaka 33.3. Mwaka 2013 Nvidia walitangaza G-Sync, ambapo kioo ndicho kinachoisubiri kadi. Mwaka uliofuata shirika la VESA likaingiza mbinu ya aina hiyo kwenye kiwango cha DisplayPort, na FreeSync ya AMD ikajengwa juu yake. Leo karibu kila monita ya gemu ina mbinu hii, lakini mipaka yake hutofautiana. Monita inayofanya hivyo kati ya hezi 48 na 144 huweza kurudia picha moja mara mbili kadi inaposhuka chini ya 48, mwendo ukabaki laini. Ile ya 48 hadi 75 haina nafasi ya kurudia, na kadi ikichoka mikatiko hurudi. Mstari huu mmoja kwenye karatasi ya vipimo una thamani kuliko taa zote za rangi zilizowekwa mgongoni mwa kioo.

Kuhusu HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa kati ya mwanga na giza, maneno machache yanatosha. Alama ya DisplayHDR 400, ngazi ya chini katika utaratibu ulioanzishwa na VESA mwaka 2017, haidai taa ya nyuma igawanywe sehemu sehemu, na bila mgawanyo huo LCD haiwezi kuweka jua na kivuli kikali pamoja. Kebo nayo isisahauliwe: HDMI 2.0 hubeba 4K mpaka hezi 60 bila kupunguza rangi, na anayetaka 120 anahitaji HDMI 2.1 au DisplayPort inayofaa.

Wengi wa Dar es Salaam na Nairobi hununua monita iliyokwisha kutumika, nyingi zikiwa zimetoka ofisini ng'ambo. Kariakoo au Luthuli Avenue, ukaguzi ni uleule. Simu au kompyuta ionyeshe rangi moja kioo kizima: nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani, bluu, kisha kijivu. Nyeupe huonyesha pikseli zilizokufa, nyeusi huonyesha zilizokwama zikiwaka na mwanga unaovuja kingoni, kijivu huonyesha madoa. Kisha igeuzwe, isomwe namba kamili ya modeli iliyo mgongoni, maana herufi moja ya mwisho yaweza kumaanisha kioo cha aina nyingine. Monita iliyo na tundu la VGA peke yake ni ya kazi za ofisi, hata iuzwe kwa maneno matamu namna gani.

Kazi haiishii kwenye malipo. Windows mara nyingi huiacha monita ya hezi 144 kwenye 60 mpaka mtu aingie kwenye mipangilio ya onyesho na kuibadilisha, na wapo waliocheza hivyo miezi mingi bila kujua. Msukumo wa pikseli huwekwa ngazi ya kati, kisha hujaribiwa. Mwanga hushushwa mpaka ukurasa mweupe ulingane na karatasi iliyowekwa mezani kando yake. Ukingo wa juu wa kioo hukaa usawa wa macho au chini kidogo. Na mwenye OLED asizime swichi ya ukutani kila anapoondoka mezani kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi, kwa kuwa monita hizo husawazisha pikseli zake zikiwa zimepumzika huku umeme ukiwa bado unaingia.